Kiumbe Aliyezidi Mizani: Historia ya Marufuku katika Michezo ya Kupambanisha Viumbe na Funzo Lake kwa Sera ya Lugha Kasese

Ikisiri

Tangu miaka ya 1990, wachezaji wa michezo ya kompyuta ya kupambanisha viumbe wamebishana juu ya swali moja: kiumbe mwenye nguvu kupita wenzake aondolewe mashindanoni, au aachwe na wengine wajifunze kumkabili? Makala haya yanafuatilia historia ya mabishano hayo katika mchezo wa Pokémon, kuanzia kiumbe Mewtwo hadi nguvu ya Dynamax, na kuyalinganisha na namna bao la Kiswahili linavyoidhibiti nyumba. Hoja kuu ni kwamba marufuku hutimiza kusudi lake pale shtaka linapotajwa kwa neno lake: kuvunja mizani, kuua ushindani, au kudumaza mchezo. Sehemu ya mwisho inautumia utaratibu huo kupima mjadala wa nafasi ya Kiswahili na Lhukonzo katika shule za Bulembia na Bwera, wilayani Kasese, mahali ambapo hofu ya lugha yenye nguvu kupita kiasi ina historia ndefu.

1.0 Utangulizi

Mchezo ni mahali ambapo jamii huweza kuijaribu sheria kwa gharama ndogo. Kanuni mbaya ya mchezo huwapotezea watu jioni moja; kanuni mbaya ya nchi huweza kuwapotezea kizazi kizima. Kwa sababu hiyo, historia ya kanuni za michezo inastahili kusomwa na watafiti na washauri wa sera, hasa pale kumbukumbu zake zinapoonyesha nani alilalamika, alilalamikia nini, na uamuzi ulizaa matokeo gani.

Mchezo wa Pokémon ulitengenezwa na kampuni ya Game Freak na kutolewa na Nintendo nchini Japani mwezi Februari 1996. Mbunifu wake, Satoshi Tajiri, aliuchota wazo lake katika mazoea yake ya utotoni ya kukusanya wadudu. Mchezaji huunda kikosi cha viumbe wasiozidi sita na kukipambanisha na kikosi cha mwenzake. Kila kiumbe ana aina yake: moto hushindwa na maji, maji hushindwa na majani, na majani huunguzwa na moto. Kila kiumbe ana pia namba za msingi zinazopima uhai, mashambulizi, ulinzi na kasi yake. Ushindi hutokana na kukisia hatua ya mpinzani na kubadilisha kiumbe kwa wakati wake.

Katika mfumo wa namna hiyo, usawa kamili hauwezekani wala hautakiwi. Wakiwa sawa viumbe wote, hakuna sababu ya kuchagua. Tatizo huanza pale mmoja anapozidi kiasi cha kuwafanya wengine wote wawe mapambo. Hapo ndipo wachezaji huanza kudai marufuku, na hapo ndipo lugha ya madai yao inapokuwa na uzito.

2.0 Nyumba katika bao: nguvu iliyowekewa masharti

Swali hili halikuletwa Afrika Mashariki na kompyuta. Bao la Kiswahili huchezwa kwa mashimo 32 na kete 64. Miongoni mwa mashimo hayo, kila mchezaji ana moja linaloitwa nyumba, ambalo mara nyingi huchongwa kwa umbo la mraba ili litofautiane na mengine ya duara. Mchezo unapoanza, nyumba huwa na kete sita, na kete hizo huweza kuongezeka hadi likawa ghala linaloamua mshindi.

Nyumba ni nguvu iliyozidi. Hata hivyo, bao halikuipiga marufuku. Liliiwekea masharti. Katika awamu ya kunamua, mchezaji anayekula na kumalizia ndani ya nyumba yake ana hiari ya kulala hapo au kuendelea na safari. Hiari hiyo haipo katika mashimo mengine. Lakini akishaisafirisha nyumba, heshima yake imekwisha. Shimo lile hugeuka kuwa shimo kama mengine. Tena, mpinzani anayefanikiwa kuila hupata mtaji mkubwa kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo aliye na nyumba kubwa ana nguvu na hofu kwa pamoja: akiitumia mapema ataipoteza, akiichelewesha ataliwa.

Hii ni tiba ya kwanza kati ya nne tutakazokutana nazo katika makala haya: nguvu inabaki, ila inatozwa gharama. Alexander de Voogt, aliyetafiti umahiri wa mabingwa wa bao wa Zanzibar katika tasnifu yake ya 1995, alionyesha jinsi hesabu za wachezaji hao zilivyo ndefu na nzito. Mchezo ulioruhusu nguvu kubwa kwa masharti umeweza kulea akili za kiwango hicho.

3.0 Mewtwo na tiba ya madaraja

Katika toleo la kwanza la Pokémon, Mewtwo alikuwa na kasi na nguvu maalumu kupita karibu viumbe wote 151. Nguvu maalumu wakati huo ilikuwa namba moja iliyotumika kushambulia na kujilinda, na Mewtwo aliweza kuipandisha kwa ngazi mbili ndani ya zamu moja. Aina yake, ya nguvu za akili, haikuwa na adui wa maana: mashambulizi ya wadudu yalikuwa dhaifu, na yale ya mizuka, yaliyokusudiwa kuwa dawa yake, hayakumdhuru kutokana na kosa la programu.

Watengenezaji wenyewe walilitambua jambo hili mapema. Katika Pokémon Stadium, uliotoka nje ya Japani mwaka 2000, shindano la Poké Cup liliruhusu viumbe wa ngazi ya 50 hadi 55, kwa sharti kwamba watatu wanaoingia uwanjani wasizidishe jumla ya 155. Mewtwo na Mew hawakuruhusiwa. Lakini ndani ya mchezo huohuo kulikuwa na shindano jingine, Prime Cup, ambalo wote wawili waliruhusiwa kushiriki.

Hapa tunaiona tiba ya pili: madaraja. Kiumbe hafutwi, hupewa uwanja wa kulingana naye. Jumuiya ya wachezaji ya Smogon, iliyoanzishwa mwaka 2004, iliikuza tiba hii hadi ikawa mfumo kamili wa ngazi zinazopangwa kwa kuzingatia jinsi viumbe wanavyotumika. Daraja la waliozidi liliitwa Uber, kutokana na neno la Kijerumani lenye maana ya «juu ya». Mwaka 2014 daraja hilo nalo lilizidiwa. Rayquaza katika umbo lake la Mega alifikisha jumla ya namba za msingi 780, na tofauti na wengine wa umbo hilo, hakulazimika kubeba jiwe maalumu ili abadilike, hivyo alibaki na nafasi ya kubeba kifaa kingine cha vita. Aliondolewa Uber, na daraja jipya lisilo na katazo la kiumbe yeyote likaundwa juu yake.

4.0 Mwenye kosa ni kiumbe au silaha yake?

Kisa cha Garchomp kinaonyesha ugumu wa kumpata mshtakiwa halisi. Kiumbe huyu, aliyetokea mwaka 2006, alikuwa na kasi ya msingi ya 102 wakati washindani wake wengi walikuwa na 100. Tofauti ya namba mbili ilitosha kumpa hatua ya kwanza. Zaidi ya hayo, alikuwa na uwezo unaoitwa Sand Veil: wakati wa tufani ya mchanga, shambulio ambalo kwa kawaida halikosi shabaha humkosa mara moja kati ya tano. Mpinzani aliyepanga kila kitu sawasawa aliweza kushindwa kwa bahati tu.

Katika kizazi cha nne cha mchezo, Smogon ilimpandisha Garchomp daraja la Uber. Katika kizazi cha tano mjadala ulirudi, na hatimaye wachezaji wakatenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja. Mpaka leo, katika daraja kuu la kizazi hicho, Garchomp anaruhusiwa. Kilichofungwa ni Sand Veil. Shtaka lilikuwa la bahati, na bahati ilikaa katika uwezo ule, wala haikukaa katika meno na kasi yake.

Aegislash alipitia njia nyingine. Alifungwa katika daraja kuu mwaka 2014, kwa kuwa uwezo wake wa kubadilika kati ya umbo la ngao na umbo la upanga uliwalazimisha wapinzani kukisiakisia kila zamu na kuviunda vikosi vyao kwa kumfikiria yeye. Mwaka 2019, katika toleo la Sword na Shield, Game Freak iliipunguza namba yake kuu ya mashambulizi na ya ulinzi kutoka 150 hadi 140. Katika kizazi hicho aliruhusiwa tena. Hii ni tiba ya tatu: kupunguza makali. Ni tiba nzuri, lakini inapatikana kwa mtengenezaji peke yake. Wachezaji hawawezi kuubadilisha mwili wa kiumbe. Wanaweza kubadilisha masharti ya kukutana naye tu.

Tiba ya nne ni mgawo. Mashindano rasmi ya kampuni ya Pokémon, yanayochezwa kwa viumbe wawili wawili uwanjani, yamekuwa yakitoa orodha ya viumbe wazito na kuweka idadi inayoruhusiwa katika kikosi. Katika misimu ya 2016 na 2022 kila kikosi kiliruhusiwa wawili. Katika mashindano ya dunia ya Honolulu, Agosti 2024, kiliruhusiwa mmoja. Kwa mgawo, nguvu hubaki uwanjani bila kuutawala uwanja wote.

5.0 Maneno matatu ya shtaka

Baada ya miaka mingi ya mabishano, Smogon iliandika mwongozo unaotenganisha mashtaka matatu. Tunapendekeza yaitwe hivi kwa Kiswahili.

La kwanza ni kuvunja mizani. Kitu kimevunja mizani kinapokuwa na nguvu nyingi mno, kiasi kwamba mchezaji hana budi kukitumia au kujenga kikosi kizima kwa ajili ya kukizuia. Mewtwo wa toleo la kwanza ni mfano wake.

La pili ni kuua ushindani. Kitu kinaua ushindani kinapoufanya uamuzi wa mchezaji usiwe na maana, hata kama chenyewe hakina nguvu kubwa. Shambulio la Swagger, lililofungwa mwaka 2014, wakati huo lilimchanganya mpinzani kiasi kwamba nusu ya mara alijipiga mwenyewe. Matokeo yaliamuliwa na kitu kinachofanana na kurusha sarafu. Uwezo wa Shadow Tag humzuia mpinzani kubadilisha kiumbe, na hivyo humnyang'anya chaguo lililo moyo wa mchezo.

La tatu ni kudumaza mchezo. Hapa hakuna kilichovunja mizani wala kilichoua ushindani moja kwa moja, ila uwepo wa kitu kimoja huwafanya wengine wakome kukua. Vikosi hufanana, mbinu hupungua, na wachezaji huchoka. Shtaka dhidi ya Aegislash lilielekea upande huu.

Tumelichagua neno kudumaza kwa makusudi. Wasomaji wa sera za afya wanalijua kupitia udumavu wa watoto: mtoto aliyedumaa yu hai, anatembea, na jirani anaweza asione tatizo mpaka apimwe. Shtaka la tatu ndilo gumu kuthibitisha na ndilo linalohitaji vipimo vya muda mrefu.

Jambo jingine la kuzingatia ni nani anayehukumu. Katika utaratibu wa Smogon, anayetaka kupiga kura humpasa kwanza acheze na kufikia kiwango kilichotangazwa, wakati kiumbe anayeshukiwa akiwa anachunguzwa. Katika miaka ya karibuni marufuku imehitaji angalau asilimia 60 ya kura. Utaratibu huu una udhaifu wake: unampa sauti aliye hodari na kumwacha anayecheza kwa kujifurahisha. Lakini unamzuia mtu kuhukumu kitu ambacho hajakutana nacho.

6.0 Dynamax: nguvu moja, hukumu mbili

Mwezi Novemba 2019 toleo la Sword na Shield lilileta Dynamax. Mara moja katika kila pambano, mchezaji aliweza kumkuza kiumbe wake kwa zamu tatu, akauongeza uhai wake hadi mara mbili na kuyabadilisha mashambulizi yake yote. Mwezi Desemba mwaka huohuo Smogon iliipiga marufuku katika daraja lake kuu. Hoja ilikuwa kwamba katika pambano la mmoja kwa mmoja, kiumbe yeyote kati ya sita angeweza kukuzwa wakati wowote, na hapakuwa na njia ya kutosha ya kujiandaa.

Mashindano rasmi hayakufuata uamuzi huo. Dynamax ilitumika katika misimu yake yote hadi mashindano ya dunia ya London, Agosti 2022. Uwanja ule ulikuwa na viumbe wawili kila upande: wawili waliweza kumwelekea aliyekuzwa, mmoja akajikinga huku mwenzake akipiga, na zamu tatu zikapita. Ilibaki nguvu kubwa, lakini ilikuwa na majibu.

Mtu asiyejua mchezo angesema upande mmoja ulikosea. Sivyo. Kila upande ulihukumu kulingana na uwanja wake. Kusema kwamba kitu fulani «kina nguvu kupita kiasi» bila kutaja uwanja ni kutamka nusu ya sentensi.

7.0 Kutoka uwanjani hadi darasani: Bulembia na Bwera

Nusu hiyo ya sentensi imetamkwa mara nyingi katika historia ya lugha nchini Uganda. Kabla ya kuendelea ni lazima tuweke mpaka: lugha si kete, na mtoto wa shule si mchezaji aliyechagua kuingia uwanjani. Tunachokiazima kutoka michezoni ni utaratibu wa kutenganisha mashtaka, basi.

Bulembia ni divisheni ya Manispaa ya Kasese inayopanda bonde la Mto Nyamwamba kuelekea Kilembe. Mgodi wa shaba wa Kilembe, na reli iliyofika Kasese mwaka 1956, viliwakutanisha watu wa lugha nyingi, na Kiswahili kikapata kazi miongoni mwao. Upande wa Bwera, mpaka wa Mpondwe unaingiza Kiswahili cha Kongo sokoni kila siku. Lugha ya nyumbani kwa wengi, hata hivyo, ni Lhukonzo.

Wilaya hii inaijua hofu ya lugha iliyozidi. Miongoni mwa malalamiko ya Wakonzo na Waamba dhidi ya utawala wa Tooro, yaliyozaa harakati za Rwenzururu mwaka 1962, yalikuwamo matumizi ya Rutooro shuleni na ofisini. Kasese ilipata wilaya yake mwaka 1974. Kwa hiyo mzazi wa Bwera anayeuliza leo kama Kiswahili kitaimeza Lhukonzo hana chuki wala ujinga. Anakumbuka.

Hofu ya namna hiyo ilijibiwa vibaya mara moja, na jibu hilo linafaa kuchunguzwa. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya elimu na utawala Uganda. Kabaka Daudi Chwa wa Pili alipinga waziwazi mwaka 1929, na upinzani wa Buganda na wa viongozi wa makanisa ukaendelea. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika lugha zilizotambuliwa kwa shule, isipokuwa kwa polisi. Tukiyatumia maneno yetu matatu, hofu ya Buganda ilikuwa ya kudumazwa: Luganda ingekosa vitabu, walimu na heshima. Tiba iliyotolewa ilikuwa ya aliyevunja mizani, yaani kumfungia nje. Kiswahili hakikufa. Kiliondoka darasani, mahali ambapo kingefundishwa kwa adabu na fasihi yake, kikabaki kwa askari. Sifa mbaya iliyokiandama Uganda kwa miongo iliyofuata, ya kuwa lugha ya amri na ya bunduki, ilichangiwa na marufuku yenyewe. Hata tamko la Idi Amin la 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikuifuta sifa hiyo, liliongeza doa.

Mambo yamebadilika tena. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu Kiswahili, pamoja na kukifanya somo la lazima shuleni. Swali la Bulembia na Bwera sasa ni la utekelezaji, na mashtaka matatu yanasaidia kulipanga.

Je, Kiswahili kimevunja mizani darasani? Hapana. Lugha ambayo mwanafunzi hana budi kuijua ili avuke mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ni Kiingereza. Anayelalamikia uzito aelekee huko kwanza.

Je, kinaua ushindani? Kingefanya hivyo iwapo mkazi angenyimwa huduma kwa sababu anazungumza Lhukonzo tu. Hili linazuilika kwa kanuni ya ofisi, bila kugusa ratiba ya shule.

Je, kinaweza kudumaza? Ndiyo, na hapa ndipo pa kuangalia. Mtaala wa mwaka 2007 uliweka lugha ya nyumbani kuwa lugha ya kufundishia katika madarasa matatu ya kwanza. Somo jipya linapoongezwa, muda na fedha za vitabu hutoka mahali fulani. Zikitoka katika saa za Lhukonzo, hakuna atakayetangaza marufuku, na Lhukonzo itadumaa kimyakimya. Tiba inayolingana na shtaka hili ni mgawo: saa za lugha ya nyumbani zitajwe kwa namba na zisiguswe, na Kiswahili kipate saa zake mbali na hizo.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia ya Mewtwo, Garchomp, Aegislash na Dynamax inaonyesha kwamba jumuiya ya wachezaji ilipata utulivu ilipoacha kuuliza «je, kimezidi?» na kuanza kuuliza kimezidi kwa lipi, katika uwanja gani, na tiba ipi ndiyo ndogo kuliko zote inayotosha. Masharti, madaraja, kupunguza makali na mgawo vyote vilipatikana kwa kulichambua shtaka kabla ya hukumu.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi kuvunja mizani, kuua ushindani na kudumaza zijadiliwe na wanaistilahi wa Kiswahili, kwani vijana wanaocheza michezo hii wanahitaji maneno ya kubishana kwa haki katika lugha yao. Pili, wanaoshauri kuhusu utekelezaji wa Kiswahili Kasese wawasikilize kwanza walimu na wazazi wanaoishi na lugha hizo kila siku, kabla ya wataalamu wanaozijua kwa ripoti. Tatu, kila uamuzi wa kuongeza au kuondoa lugha darasani uwekewe tarehe ya kupitiwa upya. Garchomp aliweza kurudi uwanjani kwa sababu kesi yake ilifunguliwa tena. Uamuzi wa 1952 haukuwekewa siku ya kurejewa, na Uganda ilihitaji zaidi ya nusu karne kuutengua.